Mianzi kukunja majani mchana hapa Dodoma
Dada uliyeuliza kama mianzi yako inaumwa, majani kujikunja saa nane mchana na kufunguka jioni si ugonjwa. Mwanzi unajizuia kupoteza maji. Yakibaki yamejikunja hadi asubuhi, hapo mwanzi una kiu kweli. Mwagilia jioni, maji mengi yazame chini, usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Na tafadhali usifagie majani yaliyodondoka! Yaache shinani, yanatunza unyevu na kurudisha udongoni madini ya silika ambayo mianzi inayahitaji. Upepo wetu wa kiangazi nao unakausha sana, kwa hiyo upande unakotokea weka ukuta au michongoma.

Na ukitaka kuipiga picha mianzi yako, piga saa moja asubuhi, jua likiwa nyuma ya majani: mishipa yote inaonekana. Ule unga mweupe kwenye mashina machanga usiufute, unapendeza mno kwenye picha.