Tazama Uso wa Sahani, Acha Kung'ang'ania Kitako

Maswali yenu kuhusu kauri za Kijapani zilizochorwa kwa mkono

Mwalimu, shikamoo. Nimerithi sahani ya bluu na nyeupe kwa bibi yangu. Chini ina herufi sita za Kichina, nimekutumia picha yake. Ni ya China au ya Japani? Nikiuza nitapata ngapi? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Kila wiki naletewa picha za vitako, na kila wiki narudia kwamba kitako peke yake hakitoshi. Wachoraji wa Arita, mji mdogo wa mkoa wa Saga katika kisiwa cha Kyushu, waliandika jina la mfalme Chenghua wa China, wa karne ya 15, kwenye vyombo walivyovichoma miaka 200 na zaidi baada yake. Ilikuwa desturi, namna ya kuistahi kazi nzuri ya zamani. Wengine waliandika herufi moja tu, *fuku*, yaani heri. Kwa hiyo herufi zako zinaonyesha mchoraji alimheshimu nani. Sahani ilikozaliwa hazisemi.

Kuna mambo mawili ya maana huko chini. Ukiona vidoa vichache vya kukwaruza ndani ya duara la mguu, ni alama za vipande vya udongo vilivyoshikilia sahani isibonyee katikati ikiwa tanurini, na Arita walivitumia sana. Ukiona neno "Nippon", yaani Japani, kwa herufi za Kirumi, huenda ililengwa soko la Marekani, ambako sheria ya ushuru ya 1890 ilitaka bidhaa itaje nchi ilikotoka. Mwaka 1921 neno hilo likabadilishwa kuwa "Japan". Lakini angalia, alama ya "Nippon" nayo imeghushiwa sana.

Bei sitaji kwa picha. Nipigie picha ya uso wa sahani, mchana, karibu na dirisha. Na usimwachie mtu wa kwanza atakayekuambia "hii ya kawaida tu, nitakusaidia kuiondoa."

Arita na Imari zina tofauti gani? (Msomaji, Dodoma)

Arita ndiko zilikochomwa, Imari ni bandari zilikopakiwa melini. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno.

Nimeuziwa seti ya vikombe nikaambiwa vimechorwa kwa mkono. Nitajuaje? (Msomaji, Tanga)

Vipange vyote mezani, picha zielekee upande mmoja, kisha tafuta kosa moja na uone kama linajirudia. Mimi niliwahi kununua vikombe vitano vyenye picha ya korongo kwa maneno matamu ya muuzaji. Nilipovipanga nyumbani, unyoya mmoja wa bawa ulikuwa umekatika mahali palepale kwa korongo wote watano. Stika! Picha imechapwa kwenye karatasi, ikabandikwa, ikachomwa. Sina ugomvi na stika. Ni kazi halali na imewapa watu wengi vyombo vizuri. Ugomvi wangu ni na anayeiuza kwa bei ya mkono.

Halafu itazame bluu yenyewe. Nilipokuwa Arita nilikaa kando ya mama mmoja afanyaye *dami*, kazi ya kujaza rangi ndani ya mistari. Brashi yake ilikuwa nene, imeshiba *gosu*, rangi ya kobalti, ambayo kabla ya moto ni kijivu cheusi na huoni hata chembe ya bluu. Huikoroga kwa chai ya kijani ili rangi isitue chini. Sikumwona akipaka. Aliiminya brashi kwa vidole, dimbwi dogo likajaa kwenye ua, akaliongoza kwa ncha huku ameiinamisha sahani, na maji yaliyozidi brashi ikayanywa tena. Sahani ikiwa imechomwa mara moja tu hunywa maji kama mtungi mpya. Ukisita kidogo, doa limeingia, na utaliona siku ya kufungua tanuri.

Ndiyo maana bluu ya mkono haiko sawasawa. Ina kina upande mmoja na wepesi upande wa pili, pale maji yalipotembea. Stika mara nyingi huwa na nukta zilizopangana au rangi bapa. Lenzi ya bei rahisi itakuonyesha.

Jambo jingine ambalo hukuuliza. Arita mchora mistari na mjaza rangi ni watu wawili, na tangu zamani kujaza kumekuwa zaidi kazi ya wanawake. Mama yule hana jina lake popote chini ya sahani. Mtu akiniletea kitako na kuniambia "hii hapa saini ya aliyeichora", mimi humkumbuka yeye.

Kwa nini bei ni kubwa hivyo? Si udongo tu? (Msomaji, Nairobi)

Si udongo. Ni jiwe lililosagwa. Huchomwa kwanza karibu nyuzi 900, huchorwa bluu, hupakwa utandu wa kioo, kisha huchomwa tena karibu nyuzi 1,300. Ndipo nyekundu, kijani na manjano hupakwa juu na kuchomwa kwenye nyuzi 800 hivi, na dhahabu hungoja moto wake mdogo baada ya hapo. Ikipasuka mwishoni, kazi yote imekwenda. Weupe wa maziwa wa Kakiemon, ukoo wa wafinyanzi wa Arita ambao kila mkuu wake hurithi jina hilo, *nigoshide*, ulipotea katika karne ya 18, na ilibidi Kakiemon wa 12 na wa 13 wahangaike hadi 1953 kuurudisha. Lipa, au nunua stika kwa bei ya stika.

Naweza kuweka kwenye maikrowevu? (wasomaji wengi)

Yenye dhahabu au fedha, hapana, itatoa cheche. Na ya zamani yenye rangi za juu usiitilie achari, siki wala ndimu, kwa sababu rangi hizo zilikuwa na madini ya risasi.

Rafiki yangu anasema Wajapani waliiga Wachina tu. Ni kweli? (Msomaji, Muscat)

Rafiki yako amewaruka Wakorea. Hideyoshi, mtawala wa Japani, aliivamia Korea kati ya 1592 na 1598, na majeshi yake yalirudi na wafinyanzi waliochukuliwa kwa nguvu. Kwa mapokeo ya Arita, mmoja wao, Yi Sam-pyeong, ndiye aliyeligundua jiwe jeupe la Izumiyama, hapo hapo Arita, na mji unahesabu mwanzo wake kuwa 1616. Mnara wake ulisimamishwa mwaka 1917 juu ya kilima. Ukisifu kauri za Japani bila kumtaja, umeficha kwamba zilianza kwa mikono ya mateka.

Kuiga kulikuwepo, na kila mtu aliiga. Utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644, vyombo vya China vikaadimika, Waholanzi wa VOC, kampuni yao ya biashara ya Mashariki, wakageukia Arita. Oda yao kubwa ilikuwa ya 1659, na vyombo vya Arita vilifika hadi bandari ya Mocha, Yemeni, upande wenu wa bahari. Kisha kiwanda cha kauri cha Meissen, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1710, kikaiga Kakiemon. Muulize rafiki yako Kakiemon aliongeza nini. Aliacha nyeupe. Kware wawili pembeni, tawi moja, na sahani iliyobaki haikuguswa.

Binti yangu ana miaka 12 na anataka kujifunza. Nimnunulie rangi gani? (Msomaji, Bujumbura)

Usinunue rangi bado. Mpe brashi moja ndefu, maji yenye wino kidogo, na kigae ambacho hakijapakwa kioo. Achore mstari mmoja kwa pumzi moja bila kuinua mkono, aone unavyonywewa. Kisha mwingine kando yake. Nyekundu aingojee.