Kabla Hujajichora Hawaii Begani

Wiki hii maswali yamekuja mkumbo mmoja: tatuu, na karibu kila mtu anaitaka Hawaii. Nimechagua matano. Mengine yanafanana nayo, wahusika watajijua.

Nimependa mchoro wenye pembetatu nyeusi na mikunjo kama jani changa linalojikunjua. Fundi wangu hapa Kinondoni anasema ni wa Hawaii. Nitajuaje kama ni kweli?

Mikunjo hiyo ni ya Wamaori wa New Zealand, kilomita 7,000 hivi kutoka Hawaii. Ni sawa na mtu akuoneshe kitenge cha Kongo akuambie ni kanga ya Zanzibar. Vyote vitambaa, vyote vizuri, lakini bibi yako angecheka.

Watu wa visiwa hivyo vya Pasifiki ni ndugu, kwa hiyo michoro yao inapigiana hodi. Ile ya kale ya Hawaii, ambayo wenyewe huita kākau, hupenda pembetatu zilizopangwa safu, mistari mizito, na mara nyingi upande mmoja wa mwili haufanani na mwingine. Kahekili, mtawala wa Maui, kimoja cha visiwa vya Hawaii, aliyefariki mwaka 1794, alichorwa nusu nzima ya mwili ikawa nyeusi, kwa heshima ya mungu wa radi. Albamu nyingi za mafundi huchanganya Samoa, Tahiti, Marquesas na Wamaori, kisha juu yake huandikwa "Hawaii" kwa sababu jina hilo linauza. Muulize fundi wako mchoro ameutoa wapi na una maana gani kwa wenyewe. Akikujibu "intaneti", mshukuru uende zako.

Ninaishi Las Vegas, nimeolewa na Mhawaii. Mama mkwe alifariki mwaka jana, alinipenda kama mwanawe. Nataka kuchorwa mchoro wa ukoo wao mkononi nimkumbuke. Mume wangu hana neno, ila wifi amenuna. Nani ana haki?

Pole sana, dada. Kabla ya haki nikupe kisa.

Mwaka 1823 malkia Kamāmalu wa Hawaii, mke wa mfalme Kamehameha wa Pili, alifiwa na mama mkwe wake, Keōpūolani. Katika maombolezo alichorwa tatuu kwenye ulimi. Ulimi! Mmishonari Mwingereza William Ellis alimkuta katikati ya shughuli hiyo, akamhurumia kwa maumivu. Jibu lake lilikuwa kwamba maumivu ni makubwa, lakini mapenzi yake kwa marehemu ni makubwa zaidi. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alifia London kwa surua, na mumewe akamfuata siku chache baadaye.

Kwa hiyo mkwe kuchorwa kwa ajili ya mama mkwe si jambo utakalolianzisha wewe. Lakini angalia mambo mawili. Kamāmalu alikuwa binti wa Kamehameha wa Kwanza, wa ndani tangu kuzaliwa; wewe umeingia kwa ndoa. Tena alichora msiba wake, mahali ambapo watu wangeuona tu akifungua kinywa. Wewe unataka nasaba yao, na mkononi.

Mchoro wa ukoo husema huyu ni mtoto wa nani. Kwetu wazee wa Kimakonde waliochanjwa chale usoni walilijua hilo vizuri: mtu alisomwa kabla hajajitambulisha. Mume wako peke yake hatoshi kutoa ruhusa, na wifi kununa ni jibu tayari. Mwendee, kaa naye, muulize anaogopa nini. Halafu wazee wa ukoo.

Wakikubali, tafuta mchoraji wa njia ya asili. Wamishonari walifika Hawaii mwaka 1820, na baada yao kazi hii ilififia karibu ipotee. Keone Nunes wa Waiʻanae, mmoja wa walioifufua, alilazimika kujifunza kwa bingwa wa Kisamoa, Suʻa Suluʻape Paulo II. Hugonga kwa kijiti kifaa kiitwacho mōlī, mfano wa kichana cha mfupa kilichofungwa kwenye mpini. Wachoraji wa namna hiyo huanza kwa kuuliza nasaba, na mara nyingi mchoro huamua wao. Kama wewe ni mtu wa kuingia saluni na picha kwenye simu, jiandae. Hapo Las Vegas, mnapopaita kisiwa cha tisa cha Hawaii kwa wingi wa Wahawaii, hutakosa wa kukuelekeza.

Nataka kasa wa Kihawaii. Mimi ni wa Watamu.

Wa Watamu, na unaagiza kasa kutoka Hawaii? Kwa baadhi ya familia za kule, kasa au papa ni mzimu wa babu anayewalinda, na hauazimwi. Mchore kasa wa kwenu, yule anayepanda ufukweni usiku kutaga. Hakuna atakayekuuliza ruhusa.

Je, neno la Kihawaii badala ya mchoro? Na naweza kujaribu kwanza kwa piko nione linavyokaa?

Neno ni rahisi kulikosea kuliko mchoro. Alama ndogo ya juu, ile kama koma iliyopinduliwa, ni herufi kamili. *Pau* ni "kwisha", *paʻu* ni masizi, *pāʻū* ni sketi. Wewe unajua tofauti ya ngoa na ng'oa, basi usimwachie mashine ya kutafsiri ngozi yako. Lugha hiyo iliondolewa shuleni mwaka 1896, ikarudishiwa hadhi rasmi mwaka 1978. Wanaoizungumza hawafurahi kuiona imeandikwa ovyo.

Piko, hapana. Ile nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele huweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Chora kwa kalamu. (Kwa Kihawaii, *piko* ni kitovu. Nimecheka peke yangu.) Na kama unaota kuajiriwa polisi Tanzania, soma tangazo la ajira kwanza, maana tatuu hawazitaki.

Nilichorwa miaka sita iliyopita bila kujua lolote. Sasa naona aibu. Nifute?

Si lazima. Wahawaii wenyewe hawakujifungia: mwaka 1819 msanii Mfaransa Jacques Arago aliwachora kwenye picha wakiwa na tatuu za mbuzi, mnyama aliyeletwa visiwani na meli za nahodha Mwingereza James Cook mwaka 1778. Tofauti ni kwamba mbuzi huyo walimchagua wao. Wewe ukiulizwa, sema ukweli kwamba ulipenda picha, hukuuliza. Usitunge hadithi ya "shujaa wa bahari". Na ukiamua kuufunika kwa mchoro mwingine, tafadhali usiwe wa Kimaori.