Magari 24 kupimwa muda mara nne? Mkuu simama hapohapo kabla hujachapisha mabango

Mkuu umeuliza mambo manne kuhusu siku yako ya mbio za dragi, zile za magari mawili kwenye lami iliyonyooka anayetangulia mwisho ndiye mshindi: fomati ya mchujo, bei ya tiketi, mashine za kupimia muda, na kama pikipiki ziingizwe. Ukaweka na ratiba yako kabisa, magari 24, kila gari likimbie peke yake mara nne kupimwa muda, 16 bora waingie mtoano, wa kwanza akutane na wa 16, wa pili na wa 15, "kama NHRA ya Marekani", yaani kile chama chao cha mbio za dragi. Nimeisoma nikiwa kwenye foleni, nikatoka barabarani nikapaki kwanza nikujibu, maana hiyo ratiba naijua mstari kwa mstari. Ndiyo iliyotumaliza sisi.

Usifanye. Nasema tena usifanye.

Sisi tulikuwa watu wanne, tukachangishana, tukapata lami ya kiwanja kidogo cha ndege ambacho hakitumiki sana, vibali tumevihangaikia miezi mitatu, ambulensi mbili, gari la zimamoto, jenereta, viti vya kukodi, vyoo vya kukodi, kila kitu. Magari 22. Subaru nyingi kama kawaida, Crown mbili, Mark II Grande moja iliyopandishiwa injini ya 1JZ, Altezza za vijana. Tiketi 15,000. Na watu wakaja! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, watu walikuja, wengine na familia, wengine wametoka mikoani na kosta wamekodi.

Sasa kuna jamaa alituambia ameishi Marekani miaka mingi na amefanya kazi na timu za dragi huko. Tukamlipa milioni moja na nusu atupangie siku. Akaja na makaratasi yamechapwa vizuri, akasema ukitaka mashindano yaheshimike lazima raundi nne za muda, na kila gari peke yake ili namba zitoke safi, mashabiki watazoea. Mashabiki watazoea! Mtu amelipa pesa yake, amekaa juani, unamwambia atazoea.

Piga hesabu ambayo sisi hatukuipiga. Magari 22 mara nne ni mara 88. Kila moja ukijumlisha kusogea, kupasha tairi, kujipanga kwenye taa za kuanzia, kukimbia na njia kuwa salama tena ni kama dakika nne. Hapo una karibu saa sita za gari moja moja linapita, na ukimaliza hizo saa sita umewatoa watu wangapi? Sita. Magari sita tu, na hao sita kila mtu uwanjani alishawajua raundi ya kwanza, maana Altezza iliyopita kwa sekunde 17 haitakuja kugeuka ya 13 mchana.

Tena mchana ndiyo mbaya zaidi. Tulianza saa nne kasoro, hewa bado ina ubaridi kidogo, lami haijawaka. Ikifika saa sita lami inaunguza, tairi hazishiki, turbo inavuta hewa ya moto, injini inapoteza nguvu. Kwa hiyo muda mzuri wote ulitoka raundi ya kwanza. Raundi ya pili, ya tatu na ya nne hakuna aliyepanda wala kushuka isipokuwa wawili watatu huko chini. Hata Marekani ni hivyo, raundi ya Ijumaa jioni mara nyingi ndiyo inatoa muda bora kuliko ya Jumamosi mchana, sababu ni hiyohiyo hewa na lami. Yaani karibu mara 66 tulikimbiza magari kwa kitu ambacho kilishaamuliwa asubuhi.

Na madereva siyo wajinga. Mwenye Subaru aliyekuwa wa kwanza aliweka 12.9 asubuhi, akapaki chini ya turubai, akafungua boneti, akakaa kwenye kiti cha plastiki na sahani ya chipsi. Tukamwita raundi ya pili, akasema nachoma klachi yangu ya nini, nitaenda wapi zaidi ya namba moja? Sikuwa na jibu. Gari lake ndilo lililochorwa kwenye bango letu, yeye ndiye watu walimfuata, na toka saa nne na nusu mpaka saa kumi hakuna aliyemwona akikimbia.

Huku jukwaani MC anasoma karatasi, "ameboresha kutoka 14.31 mpaka 14.26!" Kimya. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mmoja na wanawe, akamgeukia jirani yake akauliza, "ndo nini hiyo?" Jirani akainua mabega. Saa nane watu wakaanza kutoka. Hawakuzomea wala kugombana na mtu, walikuwa wanakunja miavuli tu na kwenda. Ningeona nafuu wangezomea.

Mtoano ukaanza saa kumi na robo. Raundi ya kwanza ya mtoano nayo, kwa huo mpangilio wa wa kwanza na wa 16, ni gari la sekunde 12.9 linakutana na la sekunde 16, hiyo siyo mechi. Halafu Mark II ikamwaga oili katikati ya leni ya kushoto, dakika arobaini tunamwaga mchanga na kufagia. Tunafika fainali saa kumi na mbili na dakika arobaini, jua limezama, hatuna taa za uwanja, na madereva wawili wako tayari wanataka kukimbia kwa taa za magari. Nikakataa. Na hapo sijutii hata kidogo. Scott Kalitta, dereva wa NHRA, alifariki kwenye ajali Englishtown, Marekani, mwezi Juni 2008, na haikuwa fainali ile, ilikuwa raundi ya kufuzu, yaani hiihii ya kupima muda. Baada ya pale Top Fuel na Funny Car, yale madaraja mawili yenye kasi kuliko yote, wakapunguziwa umbali kutoka futi 1,320 mpaka futi 1,000, kama mita 305, mpaka leo. Nilikuwa naijua hiyo habari na bado sikuielewa mpaka siku ile: mbio za kupima muda zina hatari ileile ya fainali. Tairi ikipasuka haiulizi kama hii ni raundi ya tatu ya mazoezi. Sasa kwa nini umpeleke mtu kwenye hatari mara nne kwa kitu ambacho hakuna anayekitazama?

Wakati tunakusanya viti akapita baba mmoja kambeba mtoto mabegani, mtoto ana kofia ya Subaru. Mtoto anauliza, "Baba, nani kashinda?" Baba akaangalia beji yangu shingoni, akaniangalia usoni, akasema, "Tumuulize anko." Sikuwa na la kumwambia mtoto. Magari 22, siku nzima, na hakuna aliyeshinda.

Hasara ilikuwa milioni nne na kitu. Yule mtaalamu simu yake ikawa haipokelewi. Lakini kilichonichoma zaidi nilikuja kukijua baadaye nilipokaa mwenyewe kuangalia hayo mashindano ya NHRA mwanzo mpaka mwisho, siku zote. Kwanza kule hata kwenye kufuzu magari yanakwenda mawili mawili, kushoto na kulia! Hiyo "kila gari peke yake" aliitoa kichwani mwake. Pili, gari la Top Fuel linaweza kubeba siku lenyewe. Nguvu farasi kama 11,000, linakunywa mafuta ya nitromethani, futi 1,000 linamaliza kwa sekunde 3.7 hivi likipita kilomita 530 kwa saa, ardhi inatikisika, macho yanatoka machozi kwa ule moshi. Mtu analipa asikie ule mlio hata mara moja. Na kati ya raundi hachoki kusubiri, tiketi yake inamruhusu kuingia mpaka kwa mafundi, anasimama hatua chache kutoka kwenye injini inafunguliwa yote na kufungwa upya ndani ya saa moja hivi. Muda wa kusubiri wenyewe ni onyesho. Sisi muda wa kusubiri ulikuwa vumbi na MC.

Tatu, pamoja na hayo yote, hao wenyewe wameona kupima muda peke yake hakutoshi! Zamani utamu wa kufuzu ulikuwa ile nafasi ya 16, magari yanafika mengi, gari la mwisho linamng'oa mtu dakika ya mwisho anarudi nyumbani. Siku hizi mashindano mengi magari ya Top Fuel yanayofika ni kama 16 tu, ile presha imepungua. Ndipo 2023 wakaleta kitu kinaitwa Mission #2Fast2Tasty Challenge, wale wanne waliofika nusu fainali ya mashindano yaliyopita wanakutana tena Jumamosi, ndani ya raundi zilezile za kufuzu. Muda wao bado unahesabika kwenye kufuzu, lakini juu yake kuna pesa, pointi za nyongeza na kisasi. Umeona? Hawakuongeza raundi. Walichukua raundi iliyokuwa imelala wakaweka mtu wa kushinda na mtu wa kushindwa. Na toka 2022 wakaanzisha na All-Star Callout, Top Fuel walianzia Gainesville, Florida, mashindano ambayo dereva anamtaja kwa mdomo wake anayetaka kukutana naye. Hiyo ndiyo namna ya kuiga, siyo jedwali la wa kwanza na wa 16.

Kanuni yangu ni moja na nimeilipia: gari lisitoke kwenye taa mpaka mtu wa jukwaani ajue nani anapoteza nini. Basi.

Na kuna jambo watu wengi wa magari humu mtandaoni hawalitilii maanani. Ukikimbiza gari peke yake unapima gari, dereva humpimi. Saa ya muda inaanza gari linapoondoka, siyo taa ya kijani inapowaka. Unaweza kusinzia pale nusu sekunde na karatasi isionyeshe chochote. Wakiwa wawili sasa, zile taa tatu za njano zinawaka pamoja, sehemu nne za kumi za sekunde baadaye kijani, anayechelewa kuachia amekwisha hata kama gari lake ni bora. Mwenye muda mbaya anaweza kufika wa kwanza. Hicho ndicho kinachofanya mtu asiyejua tofauti ya turbo na kabureta asimame kwenye kiti, kwa sababu anaona kwa macho nani kamtangulia nani.

Tulirudia mwaka uliofuata, kidogo kidogo, magari 12 tu. Asubuhi kila gari mara moja, wawili wawili, wanaolingana. Wanne wa juu wakaingia moja kwa moja. Nane waliobaki tukawapambanisha, anayeshindwa anapakia gari kwenye karia anaondoka. Halafu wale wanne wa juu tukawapa maiki kwa zamu, wa kwanza akianza: chagua unayemtaka kati ya wale wanne waliopita kwa jasho. Mwenye Crown, ambaye alitamba wiki nzima kwenye grupu la WhatsApp, akamchagua dada mmoja mwenye Forester, kisa alikuwa na muda mbovu kuliko wote waliobaki. Uwanja mzima uliguna. Nilikuwa kwenye taa siku hiyo, nilimwona yule dada hatazami kushoto wala kulia, vidole vinne kwenye usukani vinagongagonga, njano zikawaka na Forester ikawa imeshaondoka wakati Crown bado inainua pua. Crown ilikuja inamfuata, inamfuata, mwisho ikakosa kama nusu ya bodi. Muda wa Crown ulikuwa bora kwa sehemu mbili za kumi na alipoteza! Watu waliruka uzio. Tulikimbia mara 17 tu siku nzima, saa tisa tumemaliza, hakuna aliyeondoka kabla.

Sasa magari yako 24 yanakaa vizuri kabisa kwenye hili. Asubuhi jozi 12, lami ingali baridi. Nane bora ndani. 16 waliobaki wanapambana, mbio nane, nane wanapona. Jumla 16, wale nane wa juu wanachagua wapinzani kwa maiki, mbele ya watu, siyo kwa karatasi ofisini. Toka hapo ni mbio 15 mpaka bingwa. Zote pamoja mara 35. Kwa dakika tano kila moja hazifiki saa tatu, hata oili ikimwagika una muda wa kufagia na jua bado lipo. Ratiba yako ya sasa ni mara 96 kabla mtoano haujaanza, hizo ni zaidi ya saa sita hata kama hakuna kinachoharibika, na kitaharibika.

Atatokea mtu kukwambia eti si haki, mwenye gari zuri akiachia vibaya mara moja katoka. Mwambie huo ndio mchezo wenyewe. Kama anataka kupima gari lake bila kupoteza aje Ijumaa, mfungulie lami, bila tiketi, apime mpaka achoke.

Umesema mabango yanakwenda kuchapwa Jumatano. Ule mstari wa "raundi 4 za kupima muda" ufute leo, mpigie mchapaji sasa hivi, na huyo mshauri uliyemtaja kwamba ndiye aliyekupa ratiba, kama hujamlipa awamu ya pili usimlipe. Njoo inbox nikutumie ile karatasi yetu ya jozi.