Uliza Fundi: Kinoleo kipi cha jikoni, kipi cha shamba, kipi cha baharini

Mwezi huu maswali ya visu yamekuja mengi kutoka Mtwara na Lindi, mengine yanafanana nimeyaunga pamoja. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu wengine wote jibu lao linaanzia humo, kwa iyo hata kama we ni mkulima lisome.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mi ni mamantilie hapa Chikongola, Mtwara mjini. Kila asubuhi napara samaki, nakata vitunguu, nyanya na kabichi, visu vyangu ni vitatu vyote vya dukani vya kawaida. Vimekuwa butu mpaka nyanya inapondeka badala ya kukatika. Mwanangu huwa ananinolea kwenye ngazi ya saruji. Nimeona vile vinoleo vya kuvuta vyenye mdomo wa V, nimeona jiwe la kijivu kwenye duka la hadiwea, na nimeona ile fimbo ya chuma wanayotumia wauza nyama. Hela yangu ni ya kitu kimoja tu, ninunue kipi?
Mama wa Chikongola

JIBU: Marahaba mama, pole na moto. Nunua jiwe, lile la pande mbili. Ndo jibu langu na sizunguki, sa nikwambie kwanini, mana hivo vingine navyo vina kazi zake ila sio hiyo ya kwako.

Hicho cha kuvuta ukichungulia ndani ya V utakuta vibapa viwili vidogo vya tungsteni kabaidi vimepishana, ni vigumu kuliko chuma cha kisu chochote cha jikoni. Ukivuta kisu vinakikwangua pande zote mbili kwa wakati mmoja, unaona vinyuzi vya chuma vinadondoka na kisu kinakata pale pale, unafurahi. Shida ni kwamba makali yanayobaki yamechanika chanika, kwa mtu anayekata kutwa nzima hayachelewi kulala, unavuta tena, na kila ukivuta kisu kinaliwa. Halafu pale karibu na mpini V haifiki vizuri kwa iyo baada ya muda panabaki nundu, kisu kikilala kwenye ubao kinaacha uwazi na kabichi haikatiki mpaka chini. Mtu mwenye kisu kimoja cha bei ya chini anayekata kitunguu kimoja jioni na hana muda wa kujifunza, akichukue tu, tena kama kuna chenye vijiti vya seramiki badala ya vibapa hicho ni kipole zaidi. Lakini we mama visu ndo riziki yako.

Fimbo ya wauza nyama watu wengi wanadhani inanoa. Kazi yake kubwa ni kunyoosha. Makali ya kisu ni membamba sana, yakigonga mfupa wa samaki au ubao yanajikunja kuelekea upande mmoja, fimbo inayarudisha katikati. Kwa iyo kisu ulichokinoa vizuri asubuhi kikianza kuchoka mchana, kipitishe kwenye fimbo mara chache kinaamka. Ila kisu ambacho makali yameshaisha kabisa, hata ukikipiga fimbo mpaka jioni hakuna kitu. Na kama siku moja utapata kisu kigumu cha Kijapani, hivi vya 60 na kupanda kwenye Rockwell (kipimo cha ugumu wa chuma), usikipige fimbo ya chuma, kinamegeka. Vya Kijerumani vingi viko kwenye 56 mpaka 58, hivo havina neno. Fimbo nunua baadaye hela ikiruhusu.

Sasa jiwe. Hilo la kijivu la hadiwea kwa kawaida ni silikoni kabaidi, kitu alichokitengeneza Mmarekani Edward Acheson kwenye tanuru la umeme mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, hiki ni 9 na ushee, kwa iyo hakuna kisu cha dukani kitakachokishinda. Upande mmoja una chembe kubwa, mwingine chembe ndogo. Kama limeandikwa namba (namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo), 200 mpaka 400 ni kwa kisu chenye mapengo, 800 mpaka 1000 ndo kazi ya kila siku, 3000 kwenda juu ni kung'arisha na we huhitaji. Ukikuta 400 kwa 1000 chukua. Mengi ya bei nafuu hayana namba kabisa, hapo pitisha kidole pande zote mbili uhakikishe zinatofautiana kweli, na weka rula juu yake uone halijabonyea katikati. Chagua refu, kama sentimita 20 hivi, jiwe fupi linakuchosha mkono bure.

Ngazi ya saruji mwambie kijana aache. Ndani ya saruji kuna mchanga wa kila saizi, chembe moja kubwa inang'oa pengo ambalo utalifukuzia wiki nzima. Siku jiwe haliko karibu, geuza kikombe au bakuli la udongo la kizungu, ile duara ya kitakoni ambayo haina ng'ao inanoa vizuri kuliko ngazi.

Namna ya kunoa: jiwe liweke juu ya kitambaa kilicholowa lisiteleze, limwagie maji. Maji au mafuta, chagua kimoja tangu siku ya kwanza, mana likishakunywa mafuta maji hayatafanya kazi vizuri tena. Mafuta ya kula usitie kabisa, yanaganda yanakuwa gundi na kuziba jiwe, anayetaka mafuta atumie ya cherehani. Kwako wewe maji yanatosha.

Pembe ndo kila kitu. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, kilaze tena nusu ya hapo, umefika kama digrii 22, laza kidogo tena uko kwenye 20 na hapo ndo pa visu vyako. Kwa kipimo kingine, kisu chenye upana wa sentimita 4 mgongo wake ukae juu ya jiwe kama sentimita 1.4. Ukishaishika usiiachie, mana wengi wanaosema jiwe baya ni mkono ndo unapanda na kushuka, makali yanakuwa ya mviringo. Paka makali wino wa maka peni, piga mara mbili tatu uangalie, wino ukitoka juu tu na ncha ya makali bado nyeusi basi umelaza mno, nyanyua mgongo kidogo.

Anza upande wa chembe kubwa, noa ubavu mmoja tu wa kisu kwanza, usiwe na haraka ya kugeuza. Unanoa mpaka ukipapasa ubavu wa pili, kidole kikitoka mgongoni kwenda nje (usipitishe kidole kwa urefu wa makali hata siku moja), unasikia kitu kinakwaruza, chembamba sana, kimejikunja kuanzia kwenye mpini mpaka ncha. Hicho ni chuma kilichosukumwa kikavuka upande wa pili, na ndo ushahidi kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Kama hujakisikia bado hujanoa, hata kama jasho linakutoka. Kikishatokea geuza, fanya hivyo hivyo ubavu wa pili, kisha nenda upande wa chembe ndogo na upunguze nguvu, mwisho kabisa pishanisha moja huku moja huku kwa mkono mwepesi ili kile kikunjo kitoke. Futia kwenye mkanda wa ngozi au gazeti lililokunjwa, ukiburuta kwa kurudi nyuma. Jaribu kwenye nyanya: ngozi ikatike kwa uzito wa kisu tu bila kugandamiza.

Na mama nakuomba sana, usikatie kwenye sinia wala sahani. Ubao wa mti. Sinia linaua kwa dakika moja kazi yote uliyoifanya hapo juu.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi mvuvi wa Msimbati, nakaa na kisu kwenye mtumbwi cha kukata kamba na chambo. Kina kutu muda wote na makali hayakai. Nataka kitu kidogo cha kubeba baharini.
Kijana wa Msimbati

JIBU: Nzuri mdogo wangu. We chukua bamba dogo la almasi, hivi vibamba vya chuma vilivyobandikwa unga wa almasi juu. Havihitaji maji wala mafuta, havibonyei katikati kama jiwe, vikidondoka ndani ya mtumbwi havivunjiki, vinaingia mfukoni. Tumia mkono mwepesi, ukikandamiza unang'oa zile chembe na bamba linaisha mapema. Ukirudi pwani lisuuze kwa maji baridi ya bomba au kisima na ulikaushe, mana almasi haishiki kutu ila chuma cha chini yake kinashika. Vijiti vya seramiki navyo havina kutu kabisa lakini kikianguka kwenye jiwe kinakatika vipande, kwa iyo baharini sikushauri.

Kuhusu makali kutokukaa, kutu yenyewe inahusika. Pale kwenye makali chuma ni chembamba kuliko popote, chumvi inakula hapo kwanza, unaweza kulaza kisu kikali usiku ukaamka nacho butu bila kukata hata kamba moja. Hata hivo vinavyoitwa havishiki kutu vinashika, vinachelewa tu. Kisu kisilale ndani ya ala ya ngozi iliyolowa maji ya bahari, kisuuze, kifute, kipake mafuta ya nazi kidogo. Na kwa kazi ya kukata kamba usikifanye laini sana, acha makali yatoke kwenye chembe za wastani, yale yenye mkwaruzo kidogo yanang'ata kamba vizuri kuliko yaliyong'arishwa.

SWALI: Fundi, mi niko Newala, nina mikorosho. Panga na shoka nanolea wapi? Jiwe la maji huku kwetu tabu, maji yenyewe unajua hali ya huku juu. Na kinoleo kimoja kinaweza kufanya panga na kisu cha nyumbani?
Mkulima, Newala

JIBU: Ndugu yangu, panga ni tupa. Tupa bapa ya inchi 8 au 10, haitaki maji wala umeme. Chuma cha panga ni laini kwa makusudi ili kisimegeke kikigonga kisiki au jiwe, na tupa ni ngumu zaidi hivyo inakiuma vizuri. Bana panga kwenye jiliwa, kama huna kalia mpini na ulaze bapa juu ya gogo, kisha sukuma tupa kwenda mbele tu, ukirudi inyanyue. Watu wengi wanaisugua mbele nyuma mbele nyuma, ile ya kurudi haikati kitu ila inaua meno ya tupa. Vaa glavu au funga kitambaa nene mkono unaoelekea makali. Pembe ya panga ni pana kuliko ya kisu, digrii 25 mpaka 30, mana makali membamba ya jikoni ukienda nayo kwenye mikorosho yanajikunja siku hiyo hiyo. Shoka nalo tupa hiyo hiyo, pembe pana kidogo tena. Meno yakijaa chuma yasugue na brashi ya waya, na ukipaka chaki kabla ya kuanza hayajai haraka. Usiipake mafuta, itateleza.

Kwa kisu cha nyumbani hapana, kikiwa kigumu tupa inateleza juu yake bila kukata, kikiwa laini inakikwangua vibaya. Hapo chukua bamba la almasi kama nilivyomwambia yule kijana wa Msimbati, linafanya kazi likiwa kavu. Ila usiogope jiwe kwa ajili ya maji jamani, vijiko viwili vitatu vinanoa kisu kizima.

SWALI: Hapa Lindi mjini tunapeleka visu kwa fundi mwenye grenda, dakika moja kimeisha. Lakini kisu kikitoka pale kinaisha makali haraka kuliko zamani. Tatizo ni grenda au kisu?
Baba wa Lindi

JIBU: Ni joto, baba. Kisu kilichopikwa kiwandani kimepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa, ukikichoma tena kupita pale ugumu unaondoka. Angalia makali yakitoka kwenye grenda: yakiwa na rangi ya manjano ya majani makavu joto limefika kama digrii 220, yakiwa ya bluu limekaribia 300, na hapo chuma kimeshalainika, kinakubali kunolewa ila hakishiki. Ukiona bluu dawa yake ni kunoa kwa mkono kwenye jiwe mpaka sehemu yote ya bluu iishe, ni kazi ndefu lakini chini yake kuna chuma kizima. Wale wanaopita na cherehe ya baiskeli ni salama kidogo kwa sababu inazunguka taratibu, mradi awe anachovya kisu kwenye maji kila mara. Mwambie achovye kabla hujampa kisu. Panga lenye mapengo makubwa grenda sawa, ila kisu cha jikoni mi simpi mtu wa grenda.

SWALI: Kisu cha mkate chenye meno kinanolewa na nini?
Dada wa Nachingwea

JIBU: Kijiti chembamba cha almasi kilichochongoka, unapita bonde moja moja, upande ule tu uliochongwa pembe, ule ulio bapa unausugua kidogo mwishoni kuondoa kikunjo. Jiwe na kile cha V vinakula meno. Lakini dada kama ni cha mkate tu usinunue kijiti kwa ajili yake, hicho kisu kinakaa miaka kabla ya kuhitaji.