Hema la mtu mmoja kwa bajeti ndogo: pesa yako iende wapi

Watu wakiniomba ushauri wa hema la mtu mmoja la kubeba mgongoni, swali la kwanza huwa ni uzito na la pili ni kama maji yanaingia. Ni maswali ya haki, ila mimi huanzia kwingine: kwenye hema hilo, ni kitu gani hutaweza kukibadilisha ukishalinunua? Vigingi utabadilisha. Kamba utabadilisha. Mshono unaovuja utauziba jioni moja na kesho yake ukasahau. Lakini urefu wa ndani, mteremko wa kuta, upande mlango uliko na njia za hewa, hivyo vimeshashonwa kiwandani na utaishi navyo mpaka hema lichakae. Kwa hiyo kama bajeti ni ya kubana, pesa itangulie kwenye umbo na fito. Vingine vitafuata taratibu.

Tuanze na urefu, kwa sababu hapo ndipo lebo inapowadanganya wengi bila kusema uongo. Lebo ikiandika sentimita 210, kipimo hicho kimechukuliwa sakafuni, na kuta za mahema madogo hazisimami wima, zinalala kuelekea ndani. Wewe nawe hulali sakafuni. Unalala juu ya godoro la upepo, ambalo siku hizi linaweza kuwa na unene wa sentimita 8 hadi 10, tena ndani ya mfuko wa kulalia uliotuna. Ukilala chali, ncha za vidole vya miguu ziko sentimita 30 na zaidi juu ya sakafu, na kwa kimo hicho ukuta umeshakusogelea. Ndiyo maana mtu wa sentimita 180 anaweza kulala ndani ya hema la 210 na kuamka ncha ya mfuko wake imelowa chapachapa, wakati hakuna hata tone la mvua lililopenya. Mfuko umegusa ukuta wenye umande usiku kucha, basi.

Hesabu yangu ni hii: chukua urefu wako, ongeza sentimita 30 kama kuta za kichwani na miguuni zimesimama kiasi, ongeza 40 kama zimelala sana. Ukiweza kulijaribu hema kabla ya kulipa, nenda na godoro lako, lijaze, ingia, ufunge zipu na ulale kabisa. Usione haya, anayekuangalia si yeye atakayelala humo. Ukinunua mtandaoni, acha picha za machweo na utafute mchoro wa hema ukiwa umeangaliwa kutoka ubavuni. Mchoro huo utakuonyesha mteremko wa ukuta kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Upana nao una mtego wake. Mahema mengi ya mtu mmoja yana sakafu inayopungua kuelekea miguuni, labda 90 kichwani na 60 miguuni. Godoro la kawaida la sentimita 51 linaingia bila shida. Lile pana la 63 au 64 lenye pembe nne linasukuma kuta za chini, na tumesharudi kwenye miguu kulowa. Kabla ya kununua hema, jua godoro lako.

Halafu kaa kitako ukutani nyumbani, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi utosini, kisha ongeza unene wa godoro. Kimo cha ndani cha hema kikiwa kifupi kuliko jumla hiyo, utakuwa unavaa suruali umelala chali, unarushia miguu juu huku unagonga paa na matone yanakushukia usoni. Kwa usiku mmoja ni kichekesho. Mvua ikikufungia ndani mchana kutwa, si kichekesho tena. Mlango ninaoupenda ni wa ubavuni, unakaa kisha unatoa miguu nje kama mtu mzima. Mlango wa kichwani hupunguza uzito kidogo, lakini unatoka kwa kutambaa, na mvua ikiwa inanyesha unatambaa juu ya tope. Kibaraza, yaani ile nafasi iliyofunikwa nje ya mlango, kiwe na nafasi ya begi na viatu. Zaidi ya hapo ni anasa.

Sasa lile la unyevu, ambalo ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya "hema langu linavuja". Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa pumzi na ngozi, kiasi cha robo lita hivi kwa usiku mmoja. Mvuke huo ukikutana na kitambaa kilichopoa unageuka matone, kama ilivyo kwa kifuniko cha sufuria. Hema lolote lililofungwa kila upande litalowa ndani, liwe la bei ya kutupa au la bei ya kutisha. Tofauti ni kwamba hema la kuta mbili lina chumba cha ndani cha neti au kitambaa chepesi, na kifuniko cha nje ambacho hakikugusi. Matone yanabaki kwenye kifuniko, yanateremka pembeni hadi chini, wewe umelala. Hema la ukuta mmoja ni jepesi zaidi, na kwa mzoefu anayejua kuchagua mahali pa kulala halina neno, lakini kwa hema la kwanza mimi nasema kuta mbili bila kusita.

Angalia matundu ya hewa yako wapi. Unataka moja juu karibu na kilele, na nafasi chini kwenye ukingo wa kifuniko, ili hewa ya baridi iingie chini na ya joto itoke juu. Tundu liwe na kijiti cha kulishikilia wazi. Lile la kujishikiza lenyewe hufumba upepo wa kwanza ukivuma. Mahali pa kulala pia panahesabika. Bondeni kando ya maji hewa baridi hutulia na umande huwa mzito. Ukipanda mita chache tu, chini ya miti, asubuhi unakunja hema karibu kavu. Hilo halina bei, na linashinda teknolojia nyingi.

Tukija kwenye mvua, utaona namba za milimita kwenye lebo: 1,500, 3,000, 5,000. Maana yake ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuibeba kabla matone hayajaanza kupenya. Kwa kifuniko cha nje, 1,500 inatosha mvua ya kawaida kabisa, na 2,000 hadi 3,000 ni salama ya kutosha. Usilipie zaidi kwa sababu ya namba tu. Sakafu ni habari nyingine, kwa sababu juu yake upo wewe. Mtu wa kilo 60 akipiga magoti, tuseme magoti yote mawili yanagusa sentimita 100 za mraba, anasukuma kwa shinikizo sawa na la safu ya maji ya mita 6, yaani milimita 6,000. Ndiyo maana sakafu huanza kutoa unyevu chini ya magoti na viwiko, hata ile iliyoandikwa 3,000. Dawa ni rahisi: kipande cha nailoni ngumu ya plastiki, au karatasi ya ujenzi aina ya Tyvek, ukikate kiwe kidogo kuliko sakafu kila upande. Kikitokeza nje hata kidogo, kinakusanya maji ya mvua na kukuletea chini ya mgongo. Kitandiko rasmi cha kiwanda kinafanya kazi hiyohiyo kwa pesa nyingi.

Kuhusu kitambaa chenyewe, mahema ya bei nafuu ni poliesta au nailoni. Nailoni ina nguvu kwa uzito wake, ila ikilowa hunyonya maji na kulegea, hema lililokuwa limekaza jioni linaning'inia usiku wa manane na lazima utoke ukakaze kamba. Poliesta hailegei kiasi hicho na huvumilia jua vizuri zaidi. Kwa bajeti ndogo naipendelea poliesta. Ile namba ya denia ni uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, yaani ikipungua uzi ni mwembamba. Denia 20 ni nyepesi na inataka kutunzwa. 40 hadi 70 inavumilia mtu mwenye haraka.

Mishono ichunguze kwa macho. Geuza kifuniko ndani nje utafute utepe unaong'aa uliobandikwa juu ya mstari wa sindano, kisha upitishe ukucha kwenye ukingo wake. Ukibanduka dukani, porini utafanya nini? Mahema yaliyopakwa silikoni pande zote hayashiki utepe, kwa hiyo baadhi huuzwa mishono ikiwa wazi na wewe ndiye wa kuiziba. Tumia gundi ya silikoni, maana aina nyingine haishiki juu ya silikoni. Kwa kitambaa chenye utando wa poliyurethani, ambayo ni aina ya plastiki, tumia gundi ya poliyurethani.

Fito ndizo ambazo siwezi kukuruhusu ubane. Za fiberiglasi ni nzito na mwisho wake ni mbaya: ufito haupindi ukakupa onyo, unapasuka kwa urefu, nyuzi nyembamba zinatoka kama miiba, zinachoma vidole na kuchana kitambaa. Za alumini hupinda kwanza, na zikipinda unanyoosha taratibu au unaivisha sehemu iliyoumia bomba fupi la kutengenezea na kuendelea na safari. Muuzaji anayejua anachouza ataandika aina ya alumini, kwa mfano 7001 au 7075. Akiandika "fito imara" tu, uliza.

Kuna mahema yanayosimama yenyewe na yale yanayosimama kwa vigingi. La kusimama lenyewe unaweza kulihamisha likiwa wima, na kwenye mwamba au sakafu ya mbao halikusumbui. Katikati yake kuna yale ya fito yenye umbo la Y, kama Naturehike Cloud Up, ambayo hukaa wima lakini upande wa miguuni unataka vigingi ili nafasi ifunguke. Halafu kuna yanayotumia fimbo ya kutembelea badala ya fito. Lanshan 1 ya 3F UL Gear ndiyo inayotajwa sana katika kundi hili: fimbo moja, karibu kilo moja, toleo la kawaida likiwa na kuta mbili na la Pro ukuta mmoja. Kama tayari unatembea na fimbo, hapa ndipo pesa ndogo inaponunua wepesi mkubwa. Kama huna fimbo na huzipendi, usijilazimishe, maana gharama na uzito wake vitarudi kwa mlango mwingine. Na kigingi kimoja kikuu kikichomoka kwenye mchanga, nyumba nzima inalala nawe.

Jiulize pia utasimamisha vipi mvua ikinyesha. Hema linaloanza na chumba cha ndani linalowa wakati unahangaika na kifuniko. Linaloanza na kifuniko, au linaloinuka vyote pamoja, linabaki kavu. Wanaotembea majira ya mvua wangelithamini hili kuliko kujivunia kupunguza gramu 100.

Uzito wenyewe, basi. Lebo huwa na namba mbili. Ndogo ni ya kifuniko, chumba na fito peke yake. Kubwa inajumlisha vigingi, kamba na mifuko. Wewe utabeba kubwa, kwa hiyo linganisha kubwa kwa kubwa. Hema la bei nafuu lenye kilo 1.5 hadi 2 ni la heshima kabisa. Ukikuta lenye kilo 2.5 kwa mtu mmoja, liache, kwa uzito huo unapata la watu wawili lenye nafasi ya kujigeuza. Na kwa mtu mwenye mwili mkubwa au asiyevumilia kubanwa, la watu wawili jepesi ndilo jibu, hata kama lebo inasema vingine. Vile vigingi vya waya wa chuma vinavyokuja ndani ya mfuko vibadilishe mapema na vya alumini vyenye umbo la Y, gramu 10 hadi 15 kila kimoja, vinashika udongo vizuri na havipindi kila ukigonga jiwe.

La mtumba ni njia nzuri kuliko watu wanavyodhani, ila nusa kwanza. Harufu kali ya uchachu na kitambaa kinachonata vidoleni maana yake utando wa ndani umeoza kwa kuhifadhiwa ukiwa mbichi, na hilo halina tiba. Vuta zipu huku na huku ukiipinda kwenye kona. Ingia ndani gizani, mtu amulike tochi sakafuni kutoka nje. Matundu madogo yatajitangaza yenyewe.

Jipya au la zamani, lisimamishe karibu na nyumbani kabla ya safari, ulimwagie maji kwa mpira wa bustani kutoka juu kwa muda wa kutosha, kisha uingie na karatasi ya chooni uguse kila mshono na kila kona ya sakafu. Lala humo usiku mzima siku hiyohiyo. Kama kuna la kurudisha, lirudishe wakati risiti bado iko mfukoni.