"Amelala" siyo "He has slept"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mapokezi kwenye loji moja hapa Kirumba, Mwanza. Wiki iliyopita mgeni mmoja mzungu alimuulizia mwenzake wa chumba cha pili. Nikamjibu, "He has slept." Akafurahi, akaniambia basi nikamwite ashuke wanywe chai. Nikarudia sentensi ileile, akazidi kunishangaa. Kesho yake nikamwambia, "The ferry has left at eight", akanisahihisha tena. Mimi nimefundishwa kwamba "-me-" ni "have" au "has". Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba dada yangu. "He has slept" haina kosa la sarufi hata kidogo, ila ina maana nyingine. Mgeni wako alisikia kwamba mwenzake ameshalala na usingizi umemtosha. Ndiyo maana akataka aitwe. Ulichotaka kusema ni "He is asleep" au "He is sleeping".

Kosa lenyewe linatoka kwenye lile jedwali: "-li-" ni "did", "-na-" ni "am, is, are", "-me-" ni "have, has", "-ta-" ni "will". Kila ninapoanza darasa jipya la jioni nakutana na watu waliolikariri neno kwa neno, na inaniuma kwa sababu wengi wao ndio wenye bidii kuliko wote. Inabidi kwanza nibomoe ndipo nijenge.

Nenda pale Mwaloni asubuhi umtazame mama muuza dagaa. Amekaa juu ya ndoo, amevaa kitenge, ameshika kopo la kupimia. Hapo nimetumia "-me-" mara tatu. Kwa Kiingereza: "She is sitting on a bucket, she is wearing a kitenge, she is holding a tin." Hakuna "has" hata moja. Vitenzi kama kukaa, kulala, kusimama, kuvaa, kushika, kuchoka na kushiba vikipata "-me-", Kiswahili mara nyingi kinatazama hali iliyopo sasa hivi mbele ya macho. Kiingereza kikitaja hali hiyo kinatumia "is". Nimechoka ni "I am tired". Nimeshiba ni "I am full". Ukimwambia mtu "She has sat", hawezi kuona ndoo wala mama.

Kwenye kivuko tatizo ni jingine. "The ferry has left" peke yake ni sahihi kabisa: kivuko hakipo, abiria amechelewa. Ukishaongeza saa, "have" inakataa. Haikai na wakati uliokwisha na ukatajwa: "yesterday", "last week", "at eight". Sema "The ferry left at eight." Kiswahili hakina kikwazo hicho, tunasema "amefika jana" na hakuna anayeshtuka, na hapo ndipo tunaponaswa. Vivyo hivyo kwenye usaili wa kazi, mtu akitaka kusema "nimezaliwa Sengerema mwaka 1998" anaanza kuhangaika na "have", kumbe ni "I was born in Sengerema in 1998", basi. (Umenifurahisha ulivyoigeuza saa mbili kuwa "eight". Wengi wanasema "two" na mgeni anafika gatini chombo kimeshavuka zamani.)

Sasa geuza upande wa pili, maana hapa jedwali linaanguka kabisa. "Nafanya kazi hapa tangu 2019." Hakuna "-me-", kuna "-na-". Aliyekariri atasema "I am working here since 2019." Kiingereza kinataka "I have worked here since 2019", au "I have been working here since 2019". Yaani "have" inatoka kwenye "-na-", na "-me-" ya yule mama wa dagaa inatoa "is". Hiyo fomula imebaki na nini?

Utawasikia Wamarekani wakisema "Did you eat yet?" pale Mwingereza angesema "Have you eaten yet?" Zote ni sawa, usikose usingizi kwa hilo.

Kinachonikasirisha ni watu wanaouza jedwali hili kama dawa. Vijitabu vya kutoa kopi, magrupu ya WhatsApp ya kulipia, "tensi zote kwa wiki mbili". Na msimu wao mkubwa ni kuanzia Septemba, darasa la saba wakishamaliza mtihani, hadi Januari. Mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili anakwenda kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mzazi ana hofu, analipa. Mtoto anaimba "me ni have" mpaka inakuwa kama jina lake, na mwalimu wa sekondari hana muda wa kumng'oa hapo, ana darasa zima la kumaliza mada. Mzazi, kabla hujatoa pesa muulize huyo mwalimu mambo matatu tu: amelala, nimezaliwa, na nafanya kazi hapa tangu 2019. Akisita, sawa, huenda anafikiri. Akikujibu palepale kwa kufuata jedwali, rudi nyumbani na hela yako.

Kwako dada, usikariri viambishi. Shika sentensi nzima pamoja na mahali unapoitumia, kumi kumi, za pale pale mapokezi. Anza na hizi. Mgeni yumo chumbani amelala: "He's asleep. Shall I wake him up?" Ametoka, hayupo: "He's gone out." Ametoka saa moja asubuhi: "He went out at seven." Hajarudi: "He hasn't come back yet." Zitamke kwa sauti kabla ya zamu, huku umeshika simu ya mapokezi sikioni.