Swali la lugha: Eneo lililochaguliwa, lililochagulika au eneo teule?

Swali: Nafundisha vijana kuhariri picha hapa Kariakoo, Dar es Salaam. Sehemu ya picha iliyozungushiwa mstari ili ifanyiwe kazi, mmoja huiita "eneo teule", mwingine "eneo lililochagulika", na wengi husema "pale palipokatwa". Lipi ni sahihi? Na je, kuliona eneo hilo na kulikagua ni jambo moja?

Jibu: Kwanza acheni "kukata", maana neno hili linaharibu kazi. Kukata ni amri inayojitegemea, Ctrl+X, nayo huondoa kabisa kilichomo ndani ya mstari. Mwanafunzi akiambiwa "kata nywele", naye alitakiwa azizungushie tu, atazifuta na hatakuwa amekosea Kiswahili.

"Teule" ni Kiswahili safi, ila limebeba heshima. Kuteua ni kuchagua kilicho bora. Ndiyo maana tunasema waziri ameteuliwa, na wana wa Israeli wakaitwa taifa teule. Fundi wa picha za pasipoti, kinyume chake, mara nyingi huchagua ukuta wa nyuma ili auondoe. Semeni "eneo lililochaguliwa". "Uchaguzi" msilitumie hapa, kwani msomaji atawaza kura, na "chaguo" liachieni vipengele vya menyu.

"Lililochagulika" si kosa, lina maana yake. Kiambishi -ik- huonyesha hali iliyotokea bila kumtaja mtendaji. Chukua Photoshop, programu ya kuhariri picha: ukibofya ukuta mweupe kwa fimbo ya uchawi (Magic Wand, zana inayochagua rangi zinazofanana), kiwango cha uvumilivu (Tolerance, yaani rangi zitofautiane kiasi gani na bado zichaguliwe) kikiwa 32 kama kilivyowekwa awali, shati jeupe linaweza kuingia nalo. Hapo sentensi sahihi ni: "Ukuta umechaguliwa, kola imechagulika nao." Mwanafunzi anayeweza kusema hivyo ameshaliona tatizo, na atajua kwamba dawa ni kupunguza kile kiwango au kuitoa kola kwa kushikilia Alt.

Sasa kuona na kukagua. Haya ni mambo mawili, na katika kazi hii tofauti yake ni kubwa. Mstari wa vidoti unaotembea, ambao ningeuita mstari wa siafu, unaonekana tu. Haukaguliki vya kutosha. Photoshop huupitisha pale ambapo nukta za picha zimechaguliwa kwa zaidi ya asilimia 50. Unywele uliochaguliwa kwa asilimia 30 uko nje ya mstari, lakini ukipaka rangi utaguswa. Kingo zikilainishwa sana, mstari unaweza usionekane kabisa na eneo likawepo.

Anayekagua hubonyeza Q (kwenye GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, ni Shift+Q), na picha hufunikwa na wekundu unaopenya mwanga. Hapa maelezo mengi hupotosha kwa kuandika "sehemu nyekundu ndiyo uliyochagua". Kwa mpangilio wa awali ni kinyume: nyekundu ndiyo iliyoachwa nje, na palipochaguliwa hubaki na rangi zake. Wekundu hafifu ni nusunusu. Pakeni nyeupe kuongeza eneo, nyeusi kulipunguza, kisha bonyezeni Q tena kurudi kwenye mstari. Kifuniko hicho kiiteni "barakoa", si "kinyago". Barakoa hufunika na kukinga, na hiyo ndiyo kazi yake hapa. Kinyago hutuletea sanamu ya wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam.

Tofautisheni pia "kuficha" na "kutengua". Katika Photoshop, Ctrl+H huficha mstari tu, eneo linabaki palepale. Kijana akisahau, atalalamika kwamba brashi haipaki, kumbe anapaka nje ya eneo. Ctrl+D ndiyo hutengua, yaani eneo halijachaguliwa tena ila picha inabaki ilivyo. Msiandike "futa eneo lililochaguliwa" kwa maana hii, kwa sababu kitakachofutwa ni picha yenyewe.

Na kwa Shift+Ctrl+I, inayochagua kila kilichokuwa nje ya eneo, "geuza eneo" halitoshi. Mwanafunzi ataizungusha picha. Mwambieni: "Chagua kinyume chake."